SOKO LA SARE: Koti la rubani, anayelinunua ana lake na anayelivaa ana lake

Katika orodha ya vitu ambavyo shirika la ndege hununua, koti la rubani liko karibu na mwisho. Mafuta, ukodishaji wa ndege, vipuri, bima na ada za viwanja ndivyo vinavyomnyima usingizi mkurugenzi wa fedha. Hata hivyo, vazi la kazini limewahi kuyaingiza mashirika makubwa katika mivutano na vyama vya wafanyakazi, mikataba iliyovunjika na kesi mahakamani. Sababu kubwa ni kwamba anayeagiza huangalia sura na bei, ilhali anayelivaa huangalia baridi, mvua, mafuta ya mitambo na afya yake mwenyewe. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wiki hii ukurasa huu unaangalia vazi la nje la rubani, yaani koti la suti, jaketi la ngozi, sweta na koti la mvua. Unaeleza lilitoka wapi, kwa nini marubani wanatofautiana juu yake, linagharimu nini, na wanunuzi na washonaji wa Afrika Mashariki wanaweza kujifunza nini kutokana na yaliyowakuta wengine.

Chanzo chake ni baharini

Marubani wa mwanzo hawakuwa na sare ya shirika. Ndege zilikuwa wazi juu, upepo ulimpiga rubani usoni, na vazi lake lilikuwa koti zito la ngozi, miwani mikubwa na kofia ya kufunika masikio. Vazi hilo lilimfaa rubani, lakini halikumtuliza abiria. Lilimkumbusha hatari.

Shirika la Marekani la Pan American, lililoanzishwa mwaka 1927, ndilo linalotajwa zaidi kwa kubadili hali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilikuwa likiendesha ndege kubwa za kutua majini, na mwaka 1931 liliingiza kazini ndege ya Sikorsky S-40 iliyopewa jina la American Clipper, kwa kufuata jina la merikebu za zamani zenye kasi. Kwa kuwa ndege ilikwisha kuitwa merikebu, rubani naye akaitwa nahodha na kuvalishwa kama ofisa wa meli: koti la rangi ya giza, kofia nyeupe yenye ukingo na mistari ya dhahabu mikononi. Msafiri wa wakati huo aliizoea meli na kumheshimu nahodha wake. Shirika likaazima heshima hiyo.

Mtindo huo ukaenea duniani. Leo katika mashirika mengi nahodha huvaa mistari minne na rubani msaidizi mitatu, iwe kwenye mkono wa koti au begani mwa shati. Kwa lugha ya biashara, koti hilo ni tangazo. Linamwambia abiria, kabla hajasikia neno lolote, kwamba chombo kina mwenyewe.

Jaketi la ngozi nalo lina ukoo

Ngozi haikupotea. Mwaka huohuo wa 1931 jeshi la anga la Marekani lilipitisha jaketi la ngozi la aina ya A-2, fupi, lenye zipu mbele na mikono iliyobana kwenye viwiko vya kiganja. Jeshi la majini la nchi hiyo nalo lilikuwa na la kwake, linalojulikana leo kama G-1, lenye kola ya manyoya. Mwaka 1943 jeshi liliacha kununua A-2, na majaketi ya kitambaa yakachukua nafasi yake.

Ndege za jeti zilipokuja, ngozi ilizidi kupoteza soko jeshini. Chumba cha rubani wa ndege ya vita kilikuwa chembamba, na ngozi iliyolowa mvua chini iliweza kuganda kwa baridi ya juu. Katika miaka ya 1950 jaketi la nailoni la MA-1, jepesi na lisilonyonya maji, likashika soko. Lakini kumbukumbu ya ngozi haikufa. Filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 iliirudisha jaketi ya G-1 katika macho ya watu, na mwaka 1988 jeshi la anga la Marekani likaanza tena kuwapa marubani wake A-2.

Marubani wengi wa mashirika ya Marekani walitoka jeshini na walikuja na mapenzi hayo. Southwest na American ni miongoni mwa mashirika ambayo marubani wake wameruhusiwa kuvaa jaketi la ngozi badala ya koti la suti. Hivyo katika kiwanja kimoja abiria anaweza kukuta koo mbili za mavazi: ule wa nahodha wa meli na ule wa rubani wa vita.

Kambi tatu

Maoni ya marubani kuhusu mavazi hayo yanaweza kugawanywa katika kambi tatu.

Kambi ya kwanza ni ya wanaotetea koti la suti na kofia. Hoja yao ni mamlaka. Siku ya kawaida abiria hamtazami sana rubani, lakini siku ya dharura, ndege imechelewa saa sita au abiria wamegoma kushuka, mtu mwenye koti kamili husikilizwa upesi zaidi. Wanaongeza kwamba vazi likilegezwa kidogo leo, kesho litalegezwa tena, na heshima ya kazi na hata nguvu ya kudai mshahara itashuka nalo. Si ajabu kwamba vyama vya marubani vya Marekani vinapoandamana kudai mkataba, wanachama huja na sare kamili pamoja na kofia. Wanajua picha hiyo ina uzito.

Kambi ya pili ni ya jaketi la ngozi. Hawa husema kwamba koti la suti lilibuniwa kwa mtu wa ofisini. Halizibi shingo, halina mifuko ya kutosha, hunyonya maji, na linapokunjwa nyuma ya kiti hutoka limekunjamana. Jaketi la ngozi hukinga upepo, hufutwa kwa kitambaa, na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyopendeza. Wapinzani wao hujibu kwamba rubani mwenye jaketi la ngozi lililofunguliwa zipu na tai iliyolegea hafanani na mtu aliyekabidhiwa roho za watu 180.

Kambi ya tatu haitaki makuu. Inataka sweta lenye vyeo begani na koti moja zuri la mvua. Ndani ya chumba cha rubani kuna jua linaloingia kwa vioo vikubwa na mitambo inayotoa joto, na rubani wengi hufanya kazi na shati tu. Kwao, koti la suti ni mzigo wa kubeba kutoka mlango wa hoteli hadi mlango wa ndege. Kofia nayo imekwisha kuwa hiari katika mashirika kadhaa ya Marekani, wakati mashirika ya Japani kama Japan Airlines na All Nippon Airways yameendelea na sare ya koti na kofia.

Jambo ambalo kambi zote tatu hukubaliana ni kwamba vazi liwe la namna moja kwa wote walio katika ndege moja. Nahodha mwenye koti la suti akiongozana na msaidizi mwenye jaketi la ngozi, abiria huona watu wawili waliokutana njiani.

Kazi inadai nini

Kabla ya safari mmoja wa marubani huizunguka ndege kwa miguu na kuikagua: magurudumu, mapanga ya injini, vipima kasi vya nje, na dalili za mafuta yanayovuja. Kazi hiyo huchukua dakika chache, lakini hufanywa jua liwake au theluji ianguke, na mara nyingi alfajiri. Uwanja wa kuegesha ndege ni mahali peupe pasipo na kizuizi cha upepo.

Kuna mambo manne ambayo mnunuzi wa koti anapaswa kuyajua.

La kwanza ni mafuta ya mfumo wa haidroliki. Hayo si kama mafuta ya kupikia. Huwasha ngozi ya mtu na huharibu kitambaa. Koti la sufu likiyapata huenda kwa dobi, na mara nyingine halirudi kama lilivyokuwa.

La pili ni moto. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, imekuwa ikishauri wasafiri wapendelee pamba, sufu au ngozi, kwa kuwa vitambaa vya viwandani huyeyuka na kugandamana na mwili. Nailoni huyeyuka katika joto la kati ya nyuzi 220 na 260 za Selsiasi, na poliyesta karibu na nyuzi 250 hadi 260. Sufu haiyeyuki, na hushika moto kwa shida. Kwa hiyo koti la bei rahisi la poliyesta tupu linaokoa fedha mahali pasipofaa.

La tatu ni kuonekana. Viwanja vingi humtaka kila anayetembea penye ndege avae kizibao cha riflekta. Marubani wengi hawakipendi kwa kuwa hufunika vyeo na humfanya nahodha afanane na mpakia mizigo. Lakini dereva wa trekta la mizigo usiku haoni mistari ya dhahabu, huona riflekta. Baadhi ya washonaji wamejibu kwa kutengeneza koti la mvua lenye utepe wa kung'aa unaofichwa ndani ya kola na kutolewa inapohitajika.

La nne ni hali ya hewa mbili katika safari moja. Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York Oktoba 2018, rubani aliweza kuondoka mahali penye vuguvugu, mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuteremka Januari katika baridi ya chini ya sifuri. Rubani wa Dar es Salaam au Mombasa yeye hupigana na joto na unyevu. Koti moja haliwezi kuwatosha wote, isipokuwa liwe na bitana ya joto inayotoka kwa zipu.

Hesabu ya koti

Koti la suti la mtu mzima huhitaji takriban mita mbili za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Sehemu kubwa ya sufu laini inayotumika duniani hutoka Australia, kwa hiyo ukame au mafuriko ya huko husikika katika ankara ya mshonaji wa Nairobi.

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba. Jaketi moja huchukua takriban futi 35 hadi 45, kutegemea ukubwa na ngozi inayotupwa kwa makovu na matobo ya kupe. Ngozi ya mbuzi mmoja hutoa takriban futi 4 hadi 6, maana yake ni mbuzi saba hadi tisa kwa jaketi moja, ukiacha ngozi mbovu. Ngozi ya mbuzi ni nyepesi na haichaniki upesi, ya kondoo ni laini lakini hukwaruzika, na ya ng'ombe hudumu lakini ni nzito. Ndiyo maana jaketi la ngozi la rubani huuzwa Marekani kwa mamia ya dola. Lakini likitunzwa hukaa miaka mingi, na hapo ndipo watetezi wake wanapopata hoja ya bei: gharama ihesabiwe kwa mwaka wa kuvaliwa, si kwa siku ya kununuliwa.

Gharama nyingine isiyoonekana ni vipimo. Wanawake bado ni karibu asilimia 5 tu ya marubani wa mashirika ya ndege duniani. Kiwanda hakipendi kukata kitambaa kwa oda ya makoti kumi, kwa hiyo kwa muda mrefu wengi wao wamepewa koti la kiume lililopunguzwa. Tangu Emily Howell Warner alipoajiriwa na shirika la Frontier la Marekani mwaka 1973, suala hilo limekuwa mezani. Mabega yakiwa mapana na mikono mirefu, hata vyeo vya dhahabu havikai mahali pake. Kwetu pia marubani wanawake wapo, na mmoja wao, Irene Koki Mutungi wa Kenya, ni nahodha wa ndege ya Boeing 787.

Kisha lipo swali la nani analipa. Kuna mashirika yanayotoa sare yote bure, yanayotoa posho ya mwaka, na yanayokata fedha katika mshahara. Mtindo unaoonekana sana ni shirika kulipia koti la suti na kumwachia rubani ajinunulie jaketi la ngozi kama analitaka. Kodi nayo huingia. Nchini Uingereza mamlaka ya kodi, HMRC, imekuwa na kiwango maalumu cha paundi 1,022 kwa mwaka ambacho rubani mwenye sare hutolewa kodi kwa gharama hizo bila kukusanya stakabadhi moja moja. Marekani, mfanyakazi aliweza kuombea nafuu gharama ya sare isiyolipwa na mwajiri, lakini sheria ya kodi ya mwaka 2017 iliondoa nafuu hiyo kuanzia 2018. Kwa hiyo jaketi alilolinunua rubani mwaka 2017 na alilolinunua 2018, hata bei ikiwa ileile, hayakumgharimu sawa.

Funzo la American

Mfano mkubwa wa kununua bila kumsikiliza mvaaji ulitokea American Airlines. Baada ya kuungana na US Airways mwaka 2013, shirika hilo lilitaka sura moja. Septemba 2016 likatoa sare mpya kwa wafanyakazi wapatao 70,000, mabadiliko makubwa ya kwanza katika karibu miaka 30. Mshonaji alikuwa kampuni ya Twin Hill.

Haikuchukua muda malalamiko yakaanza: vipele, kuumwa kichwa, macho kuwasha, shida ya kupumua. Wahudumu wa ndani ya ndege ndio waliokuwa wengi, na chama chao kilipokea malalamiko zaidi ya 1,000. Chama cha marubani, APA, nacho kilipokea malalamiko ya wanachama wake. Shirika na mshonaji walisema vipimo vya vitambaa havikuonyesha hatari. Taasisi ya serikali ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, ilipochunguza ilieleza kwamba inawezekana kemikali za kitambaa au ukwaruzaji wake ulisababisha madhara ya ngozi kwa baadhi ya watu.

Mwaka 2017 American ilitangaza kwamba itaachana na Twin Hill. Mkataba mpya ulikwenda kwa Lands' End, na sare nyingine zikatolewa mwaka 2020 zikiwa na hati ya kupimwa kemikali inayoitwa OEKO-TEX Standard 100. Safari hii wafanyakazi walishirikishwa kujaribu mavazi kabla. Novemba 2023 baraza la mahakama huko California liliwapa wahudumu wanne fidia ya zaidi ya dola milioni 1 kwa jumla dhidi ya Twin Hill.

Linalouma zaidi kibiashara ni kwamba dalili zilikuwapo. Alaska Airlines ilikuwa imepata malalamiko ya aina hiyo kwa sare za mwaka 2011 kutoka kwa mshonaji huyohuyo, na ikalazimika kuzibadilisha. Aliyeandaa zabuni ya pili alikuwa na la kusoma. Rahisi huvunja upishi, na hapa upishi wote ulirudiwa.

Kwa wanunuzi na washonaji wa kwetu

Mashirika ya Afrika Mashariki hayaagizi makoti 70,000. Oda ni za makumi au mamia, na katika kampuni za ndege ndogo zinazopeleka watalii mbugani sare ya kazi ni shati lenye vyeo begani, pengine na sweta la alfajiri. Udogo huo una faida: mnunuzi anaweza kumwita kila rubani apimwe, jambo ambalo shirika kubwa haliwezi.

Kwa anayeandaa zabuni, masharti machache yangeokoa fedha. Kitambaa kitajwe kwa mchanganyiko na uzito wake, si kwa rangi tu. Hati ya kupimwa kemikali idaiwe kabla ya malipo ya kwanza. Makoti ya majaribio yavaliwe na marubani wachache kwa miezi kadhaa, katika mvua na katika joto, kabla ya oda kamili. Vipimo vya wanawake viwe na kiolezo chake. Na mkataba useme wazi nani atarudisha fedha mavazi yakikataliwa.

Kwa mshonaji, soko la shati na sweta liko wazi, kwa kuwa vazi hilo huchakaa haraka na huhitaji kurudiwa. Koti la suti linahitaji mtaji wa sufu ya nje. Jaketi la ngozi ni fursa iliyolala. Kanda hii ina ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa mamilioni, lakini ngozi nyingi zimekuwa zikiuzwa nje zikiwa ghafi au zimesindikwa nusu tu. Kikwazo huanzia kwenye zizi na machinjioni: chapa za moto, kupe na kisu kibaya huitoa ngozi katika daraja la mavazi na kuishusha hadi la soli. Ethiopia, ambayo ngozi za kondoo wake hutafutwa na watengenezaji wa glavu duniani, inaonyesha kwamba daraja la juu linawezekana katika ukanda huu.

Mtazamo

Koti la suti halitatoweka karibuni, kwa kuwa linauza imani na imani ndiyo bidhaa ya kwanza ya shirika la ndege. Jaketi la ngozi litaendelea kuwa hiari inayolipiwa na mwenye kulitaka. Ukuaji unaotarajiwa uko katika koti la mvua lenye bitana ya kutoka na utepe wa kung'aa, kwa kuwa ndilo pekee linalozipatanisha kambi tatu. Mnunuzi atakayeanza kwa kumuuliza rubani anayeizunguka ndege saa kumi na moja alfajiri atanunua mara moja. Atakayeanza kwa mchoro wa mbunifu ajiandae kununua mara mbili.